Ramani imerudishwa: vinyunyizio vya kuzima moto katika nyumba mpya ya familia

“Mtaalamu, shikamoo. Tunaomba kibali cha kujenga nyumba ya familia, ya kuta za tofali, yenye sakafu ya chini na ghorofa moja juu yake. Ramani yetu imerudishwa kwa maelezo kwamba nyumba mpya sharti iwekewe vinyunyizio vya maji vya kuzima moto. Mkandarasi wetu anasema hayo ni mambo ya hoteli na maghala, kwamba nyumba ya tofali haiungui, na kwamba siku sufuria itakapoungua jikoni vinyunyizio vyote vitafunguka na kuharibu kila kitu. Anatushauri tuombe kusamehewa sharti hilo, tuweke vitambua moshi peke yake. Mama mkwe wangu, ambaye hawezi kutembea bila kushikwa mkono, ataishi nasi. Je, mkandarasi anasema kweli? Na tukiviweka, maji yatatoka wapi, ilhali presha ya bomba la mtaani si ya kuaminika?”

Marahaba, ndugu yangu. Barua yako ina maswali matatu yaliyofungwa pamoja: jinsi kifaa chenyewe kinavyofanya kazi, sheria inavyosema, na maji. Nitaanza na la kwanza, kwa kuwa karibu kila hofu aliyokupa mkandarasi inatokana na kutojua kifaa hiki kiliwekwa kwa ajili ya nini.

Kinyunyizio cha nyumba ya familia hakikubuniwa ili kuokoa jengo. Kiwango cha Marekani kinachotumika sana kwa nyumba za aina hii, NFPA 13D, kilichoandikwa na shirika la kinga ya moto la huko (NFPA) na ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1975, kinaeleza lengo lake waziwazi: kuzuia chumba kilichoanza kuungua kisifikie hatua ambapo kila kitu ndani yake kinawaka kwa mkupuo mmoja, na hivyo kuwapa waliomo nafasi ya kutoka wakiwa hai. Ukiliweka lengo hilo mbele yako, utaelewa kwa nini mfumo huu ni mdogo na wa bei nafuu kuliko ule wa ghala, kwa nini maji yake hukadiriwa kwa dakika tu na si kwa saa, na kwa nini baadhi ya sehemu za nyumba huachwa bila kifaa chochote.

Sasa kuhusu tofali. Ni kweli kwamba tofali haliungui, lakini familia haiuawi na kuta. Kinachoungua ni godoro, makochi ya sponji, mapazia, mazulia, nguo kabatini na vyombo vya plastiki, na vitu hivyo vimo katika nyumba ya tofali sawasawa na vilivyomo katika nyumba ya mbao. Samani za siku hizi, ambazo kwa sehemu kubwa zimetengenezwa kwa malighafi itokanayo na mafuta ya petroli, huwaka kwa kasi ambayo wazee wetu hawakuijua. Maabara ya UL ya Marekani iliwahi kuchoma vyumba viwili vinavyolingana kwa ukubwa, kimoja chenye samani za kisasa na kingine chenye samani za zamani za mbao na pamba. Cha kisasa kiliwaka chote chini ya dakika 5, na cha zamani kilichukua karibu nusu saa. Wakati huo wote moshi wenye sumu hupanda, huenea chini ya dari, kisha hutafuta ngazi, na ngazi za nyumba yenu zinaelekea kwenye vyumba vya kulala. Dari ya zege itabaki imara siku hiyo. Watu walio juu yake ndio ninaowahofia.

Hebu tukitazame kifaa chenyewe. Mdomo wa bomba lililojaa maji yenye presha umezibwa kwa kizibo, na kizibo hicho kimeshikiliwa na kichupa chembamba cha kioo chenye kimiminika cha rangi. Hewa moto ikikusanyika chini ya dari, kimiminika hupanuka hadi kioo kinapasuka, kizibo kinaanguka, na maji yanagonga kisahani kinachoyatawanya chumbani hadi juu ya kuta. Rangi ya kimiminika huonyesha joto linalokipasua: cha rangi ya machungwa hupasuka kwenye nyuzijoto 57, chekundu kwenye nyuzijoto 68, cha njano kwenye 79. Katika nyumba hutumika vichupa vyembamba zaidi kuliko vile vya kawaida vya viwandani, ili vipate joto haraka, kwa sababu sekunde chache za mwanzo ndizo zinazoamua ukubwa wa moto utakaopambana nao.

Kutokana na maelezo hayo utaona kwamba kifaa hiki hakijui moshi ni nini, bali kinalijua joto tu, tena joto lililokifikia chenyewe. Sufuria ikiungua na jiko likajaa moshi mweusi, kitambua moshi kitalia, ila kioo kitabaki kizima mpaka hewa ya darini ikaribie nyuzijoto 70. Kadhalika, hakuna waya wala kompyuta inayoviunganisha vinyunyizio vya nyumbani ili vifunguke pamoja. Kila kimoja hujifungua kwa joto lake, na kile kilicho juu ya moto ndicho hutangulia, kisha maji yake hupoza hewa kiasi kwamba vingine mara nyingi havifikii kiwango cha kupasuka. Kumbukumbu za mioto ya majumbani zilizokusanywa na NFPA zinaonyesha kwamba pale vinyunyizio vilipofanya kazi, takriban mara 9 katika 10 ni kimoja tu kilichofunguka. Mifumo ambayo midomo yake yote hutoa maji kwa pamoja ipo, nayo huwekwa mahali kama kwenye transfoma kubwa na mabanda ya ndege. Pengine mkandarasi wako amewahi kuiona huko au katika filamu. Haiwekwi nyumbani.

Uharibifu wa maji upo, na sitaki kuuficha. Kinyunyizio kimoja cha nyumbani hutoa takriban lita 50 kwa dakika, na kisipofungwa kwa dakika 10 sakafu itakuwa na lita 500. Ila mpira mmoja wa zimamoto hutoa mamia ya lita kwa dakika, nao huingia baada ya moto kukua na kuhitaji maji mengi zaidi. Anayelinganisha maji ya kinyunyizio na sakafu kavu anasahau kwamba siku ya moto sakafu kavu haimo tena katika chaguo. Hatari ya kweli ya maji ni ndogo na ya namna nyingine: kiungo cha bomba kilichogundishwa vibaya, kifaa kilichogongwa na ngazi ya mpaka rangi, au, kwenye nchi za baridi, maji kuganda ndani ya bomba lililopitishwa darini pasipo na joto. Dawa yake ni fundi mwenye ujuzi wa mabomba hayo hayo na kipimo cha presha kabla dari haijafungwa.

Je, vitambua moshi havitoshi? Hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu ya mama mkwe wako. Kitambua moshi ni kifaa kizuri mno, na nyumba isiyo nacho haipaswi kulaliwa. Lakini kazi yake huishia pale anapoamka mtu na kuanza kutembea, na hakina uwezo wowote juu ya moto wenyewe. Kwa kijana mwenye afya anayelala karibu na mlango, onyo la dakika 3 linaweza kuwa uhai. Kwa mtu anayehitaji kuamshwa, kuketishwa, kushikwa mkono na kuteremshwa ngazi, dakika hizo 3 huisha kabla hajafika mlangoni, na aliyemshika hataondoka peke yake. Watoto nao, kama tafiti za usingizi zilivyoonyesha, wengi hawaamki kwa mlio ule. Watu wa namna hii wanahitaji kitu kinachoufanya moto wenyewe usubiri.

Kwa upande mwingine, vinyunyizio peke yake pia havitoshi. Moto unaofukuta ndani ya godoro unaweza kutoa moshi wa kuua kwa muda mrefu pasipo joto la kutosha kupasua kioo, na mtu ambaye nguo yake imeshika moto ataumia kabla maji hayajashuka. Ndiyo maana kanuni zinazodai vinyunyizio kwa kawaida hudai vitambua moshi pia. Na kuhusu manufaa ya vinyunyizio, ushahidi ni mkubwa: kwa hesabu za NFPA, kiwango cha vifo katika mioto ya majumbani iliyoripotiwa kimekuwa chini kwa zaidi ya asilimia 80 pale palipokuwa na vinyunyizio kuliko pale ambapo havikuwapo.

Tuje kwenye sheria. Kauli kwamba haya ni mambo ya hoteli ilikuwa na ukweli mwingi zamani, na mahali pengi bado inao. Vinyunyizio vilianzia viwandani. Henry Parmelee wa New Haven, Marekani, alikiwekea kiwanda chake cha piano katika miaka ya 1870, na kwa karne nzima viliendelea kuwa vifaa vya kulinda mali. Mambo yalibadilika mji wa Scottsdale, Arizona, ulipopitisha sheria ndogo mwaka 1985 ya kuvidai hata katika nyumba mpya za familia moja. Kisha kanuni ya mfano ya ujenzi wa nyumba nchini Marekani, iitwayo International Residential Code, katika toleo lake la 2009, ikaliweka sharti hilo kwa nyumba mpya zinazopakana kwa ukuta, na kwa nyumba za familia moja au mbili kuanzia 1 Januari 2011.

Kanuni ya mfano, hata hivyo, si sheria mpaka mamlaka ya mahali iipokee, nayo inaweza kuipokea nusu au kukata kifungu. California na Maryland zilikipokea kifungu hicho kwa jimbo zima. Pennsylvania ilikipokea, kisha ikakifuta mwaka 2011, na majimbo mengi mengine yalikikata, baadhi yakiizuia hata miji yao isikidai. Wales ilipitisha sheria yake mwaka 2011, na tangu 1 Januari 2016 kila nyumba mpya na kila fleti mpya huko hujengwa na vinyunyizio, ilhali jirani yake England, kwa upande wa nyumba za kuishi, huvidai hasa katika majengo ya fleti yaliyovuka urefu fulani. Kwa hiyo fundi anaweza kufanya kazi miaka 20 kwa uaminifu katika eneo moja asikutane na sharti hili, kisha akavuka mpaka na kulikuta. Mkandarasi wako si lazima awe mwongo, ila uzoefu wake hauwezi kuwa jibu la barua uliyopewa na wakaguzi. Waulize kwa maandishi mambo matatu: ni kanuni ipi na toleo lipi linalotumika, ni kifungu gani kinachohusu nyumba yenu, na ni kiwango kipi cha usanifu wanachokikubali. Jibu la swali la tatu lina uzito wa fedha, kwa sababu mfumo uliosanifiwa kwa kiwango cha majengo makubwa unaweza kugharimu maradufu bila kumwongezea usalama mtu aliyelala ndani.

Kuhusu gharama nitasema kwa ufupi. Utafiti uliofanywa Marekani na Fire Protection Research Foundation ulipata wastani wa dola 1.61 kwa kila futi ya mraba mwaka 2008, na dola 1.35 uliporudiwa mwaka 2013. Usizichukue namba hizo kama bei yako. Zichukue kama dalili kwamba mafundi wakizoea kazi, bei hushuka, na kwamba mahali ambapo mafundi ni wachache bei huwa juu. Jambo moja halibadiliki popote: bomba linalopitishwa kabla ya dari kufungwa ni rahisi kuliko linalopitishwa baada ya watu kuhamia. Uamuzi huu ni wa sasa, wakati ramani ingali mezani.

Nimelichelewesha suala la maji kwa makusudi, kwa kuwa hilo ndilo ambalo kwenu linastahili kukunyima usingizi kidogo. Msanifu wa mfumo wa nyumbani huhakikisha kwamba vinyunyizio viwili vinaweza kufanya kazi pamoja kwa dakika 10. Nyumba ndogo isiyo na ghorofa, yenye eneo lisilozidi mita za mraba 186, huruhusiwa dakika 7. Mahitaji ya chini ni takriban lita 2 kwa dakika kwa kila mita ya mraba. Chukua kifaa kinachohudumia mraba wa mita 4.9 kwa 4.9, yaani mita za mraba 24: kitahitaji karibu lita 49 kwa dakika. Viwili kwa dakika 10 vitahitaji lita 980. Tangi la lita 1,000, ambalo watu wengi hulinunua kwa matumizi ya kawaida, linatosha kwa shida hitaji hilo, mradi maji hayo yawe akiba isiyoguswa na mabafu wala bustani. Kama tangi ni kubwa zaidi na linahudumia nyumba pia, fundi hulifanikisha hilo kwa kulitoa bomba la matumizi ya nyumbani juu zaidi ubavuni mwa tangi, ili maji ya chini yabaki kwa ajili ya moto.

Ugumu uko katika presha, na hapa watu wengi hukosea kwa nia njema. Wanaliinua tangi juu ya paa wakidhani urefu huo unatosha. Kila mita ya kimo huzaa takriban baa 0.1 (baa ni kipimo cha presha). Kifaa cha mfano wangu hapo juu kinahitaji karibu nusu baa mdomoni mwake ili maji yatawanyike inavyopasa, kwa hiyo tangi lingepaswa kuwa si chini ya mita 5 juu ya dari ya chumba cha juu kabisa, ukiongeza kiasi kingine cha kufidia msuguano wa bomba. Tangi lililokaa mita moja juu ya dari litadondosha maji tu. Na mkitegemea bomba la mtaani, hesabu inakwenda kinyume: kama dari ya ghorofani iko mita 6 juu ya mita ya maji, mnapoteza baa 0.6 kabla ya kuhesabu presha inayopotea kwenye hiyo mita ya maji, vali, kichujio na viungo. Presha inayotosha kuoga si ushahidi wa kitu chochote. Ipimwe maji yakiwa yanatiririka, si bomba likiwa limefungwa, na ipimwe saa ambazo mtaa mzima unatumia maji.

Kwa maelezo uliyonipa, nadhani mtaishia kwenye tangi na pampu. NFPA 13D haidai pampu ya nyumba ya familia iwe na chanzo cha pili cha umeme, kwa hoja kwamba moto na kukatika kwa umeme ni nadra kukutana. Hoja hiyo inakubalika pale umeme unapokatika mara chache. Kama kwenu hukatika mara kwa mara, nisingeilalia. Ningetafuta tangi la presha, ambalo hewa iliyoshindiliwa ndani yake husukuma maji bila umeme, au kimo cha kweli cha tangi la juu. Kwa vyovyote, pampu iwe na laini yake kutoka kwenye bodi ya umeme, ili hitilafu ya jikoni isiizime pampu saa ile ile inapohitajika.

Msiogope kwamba kila pembe ya nyumba itatobolewa. Kiwango hicho huruhusu kuacha bafu dogo lisilozidi kama mita 5 za mraba, makabati madogo ya nguo, nafasi ya chini ya paa isiyokaliwa na varanda iliyo wazi, kwa sababu vifo vichache huanzia huko. Vyumba vya kulala, sebule, jiko na korido haviachwi. Mwambieni msanifu mapema mahali zitakapokaa feni za dari, taa zinazoning’inia na boriti, kwa kuwa kitu kinachokatiza njia ya maji huacha kivuli kikavu nyuma yake. Karibu na jiko au tanuri, aweke kifaa cha joto la juu zaidi.

Baada ya kuhamia, adui mkubwa ni mazoea. Nimewahi kuingia katika nyumba nzuri iliyopakwa rangi upya na kukuta kila kinyunyizio kimepakwa pamoja na dari, vyeupe kabisa, na mwenye nyumba akifurahia kazi ilivyo safi. Rangi hulizuia joto lisikifikie kioo mapema na huweza kukigundisha kizibo. Kifaa kilichopakwa hubadilishwa, hakisafishwi. Msitundike nguo juu yake. Na vali kuu ibaki wazi, ikiwezekana kwa kufungwa na kufuli katika hali hiyo, kwa sababu chanzo kinachoongoza cha vinyunyizio kushindwa kufanya kazi ni mfumo uliofungwa na mtu kabla ya moto.

Niseme waziwazi kuhusu ombi la kusamehewa. Mamlaka nyingi hupokea maombi hayo pale maji yasipopatikana kabisa, na kwa kawaida hudai mbadala. Kama mngekuwa vijana wawili katika nyumba isiyo na ghorofa, kila chumba kikiwa na mlango wa nje au dirisha pana, na sheria haiwabani, ningekubali kwamba vitambua moshi vilivyounganishwa vilie pamoja, na desturi ya kulala milango ikiwa imefungwa, vinaleta sehemu kubwa ya usalama kwa fedha kidogo. Ninyi hamko katika hali hiyo. Mnaye mtu asiyeweza kukimbia na mna ngazi, na sharti limeshaandikwa. Ningeitumia nguvu ya ombi hilo kutafuta mfumo mdogo uliosanifiwa vizuri. Na chumba cha mama kiwe chini, karibu na mlango wa nje, hata kama mtaweka vinyunyizio bora kuliko vyote; hilo halihitaji kibali cha mtu.

Yapo mambo ambayo siwezi kuyafanya kutoka hapa. Hesabu ya presha inahitaji mtu aliyesajiliwa kwa kazi ya mifumo ya moto, afike kiwanjani na kipimo chake, achore mabomba juu ya ramani yenu na kuweka jina lake chini ya hesabu. Msikubali fundi bomba wa kawaida aikisie, hata awe hodari wa kazi nyingine. Mwombeni ofisa wa zimamoto wa eneo lenu aitazame ramani hiyo kabla hamjairudisha, kwani wengi wao hufurahi kuulizwa mapema. Kisha mabomba yakishafungwa, yajazwe maji, yawekwe chini ya presha na kukaguliwa yakiwa yanaonekana, na mkandarasi asiruhusiwe kuifunga dari hata ya chumba kimoja kabla ya mkaguzi kutia sahihi.